Kola ya Mbelwa

Mimi ni fundi; mwili wa mtu nausoma kwa futi.
Januari, nilipomshonea shati la darasa la tano,
shingo ya Mbelwa ilikuwa inchi kumi na moja.
Niliandika kwa chaki pembeni mwa meza ya cherehani,
nikamwachia nusu inchi ya kukua,
kama ninavyowaachia watoto wote wa Barabara ya Kumi na Tatu.

Mwezi wa tatu kifungo cha juu kikagoma.
"Mama, shati linanikaba."
Nililaumu kitambaa, nikalaumu pasi,
kisha nikapitisha futi: kumi na mbili na robo.
Kitambaa hakikuwa na kosa.
Chini ya sikio la kushoto vidole vyangu vikakuta
kunde tatu zimejipanga ndani ya ngozi,
ya nne kubwa kama kokwa ya zambarau.

Usiku homa ikaja kama mpangaji
asiyelipa, asiyehama.

Mtaa mzima ukawa na dawa.
Mwanamkuu akasema mitoki hiyo, tafuta kidonda.
Nilimkagua hadi katikati ya vidole vya miguu: safi.
Mwingine akasema perema, mpake masizi ya chungu.
Akapakwa. Alilala mweusi, akaamka anaungua.
Mwingine hakusema kitu, alitazama tu,
na huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

Bombo walimdunga kuliko ninavyodunga pindo.
Malaria, hakuna.
Kifua kikuu, hakuna.
Kile ambacho muuguzi alikitaja kwa kushusha sauti, hakuna.
Sikujua "hakuna" inaweza kutisha hivyo.

Likabaki neno moja, halikutamkwa na mtu.
Lilikaa nasi kwenye benchi,
likanywa chai yetu,
likajua njia ya nyumbani.

Dakta Msagati akakata kinyama
kidogo kama ncha ya uzi,
akakitia kwenye kichupa,
kikapanda basi la Dar bila mama yake.
Siku ishirini na sita.
Nilishona magauni ya harusi za watu.
Kanzu moja niliitia mikono miwili ya kushoto.
Waliotaka kola niliwaambia mashine mbovu.

Karatasi ikarudi. Aliisoma kimya, akairudia,
akavua miwani.
"Ni Kikuchi."
"Kuchi?"
Maana jirani yetu Chambuso anafuga kuchi,
majogoo yenye shingo ndefu kama mtu anayechungulia uani,
na Mbelwa ndiye anayewapelekea pumba.
Nikasema moyoni: leo namchinjia Chambuso banda zima.

Dakta akacheka,
mtu wa kwanza kucheka mbele yangu tangu mwezi wa tatu.
"Si kuku, mama. Ni jina la mtu, daktari wa Japani.
Ugonjwa wenyewe ni nadra, mimi niliusoma kitabuni tu.
Unakotoka, hatujui.
Si saratani. Hauambukizi.
Huja wenyewe, huondoka wenyewe."
"Na dawa?"
"Ya homa, ya maumivu. Na subira."
Nikamwambia nimefumua nguo za watu miaka kumi na tisa,
subira ninayo.

Sikulia pale. Nililia Ngamiani, dukani kwa vifungo,
muuzaji akidhani bei imenishtua,
akanipunguzia mia mbili.

Kila Ijumaa nilipitisha futi.
Kumi na mbili na robo. Kumi na mbili.
Wiki moja ikasimama, nami nikasimama nayo.
Kumi na moja na robo tatu.
Mwezi wa saba: kumi na moja na nusu,
haishuki tena.
Nilipapasa, nikapapasa. Hamna kunde.
Ni shingo tu, ya mtoto aliyekua.

Limebaki kovu, dogo kama tundu la kifungo.
Mbelwa analionesha kwa wenzake,
anawaambia aling'atwa na jogoo wa Kijapani.
Dakta anataka tumrudie kila miezi sita,
kwa kuwa mgeni huyu huweza kusahau kofia, akarudi kuifuata.
Sawa. Chaki ninayo.